Maswali ya Wasomaji: Nani Mwenye Wimbo wa Kifaransa?

Katika toleo lililopita safu hii iligusia ghadhabu zilizozuka Ufaransa mapema mwaka 2024, ilipovuma kwamba Aya Nakamura, mwimbaji aliyezaliwa Bamako na kukulia Aulnay-sous-Bois, kitongoji cha Paris, huenda akaimba wimbo wa Édith Piaf, mwimbaji mashuhuri wa Ufaransa wa karne iliyopita, kwenye ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris. Barua zilizofuata zimetoka zaidi kwenu ninyi wa mkoa wa Tanga na kwa majirani zetu wa Bagamoyo, na nimefurahi kuona kwamba hamkuandika kama watazamaji wa ugomvi wa watu wengine. Hizi ndizo nilizopata nafasi ya kuzijibu.

Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari hapa mjini. Wanafunzi wangu hujifunza lugha upesi zaidi kwa nyimbo, nami huwapa za Édith Piaf, lakini wao huniletea kwenye simu zao nyimbo za Aya Nakamura na za Gims. Mwenzangu katika chumba cha walimu anasema huo si muziki wa Kifaransa hasa, ni muziki wa wahamiaji, na kwamba nikiukubali nitakuwa nawafundisha watoto kitu kisicho na asili. Nimjibu nini?
*Mwalimu, Chumbageni, Tanga*

Mwalimu, mwombe mwenzako asikilize tena wimbo wowote wa Piaf anaouona kuwa ni Ufaransa tupu, kisha akuonyeshe ndani yake huyo Mfaransa ambaye hajachanganyika na mtu. Piaf alizaliwa Paris mwaka 1915, binti wa mwanasarakasi wa mitaani. Mama yake, naye mwimbaji, alizaliwa Livorno nchini Italia, na bibi yake mzaa mama alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Lakini ukoo wake si hoja kubwa. Hoja kubwa iko katika chombo kinachomfuata nyuma, akodiani, ambayo leo mtengeneza filamu akitaka mtazamaji ajue kwamba yuko Paris huitanguliza kabla hata hajaonyesha mnara wa Eiffel.

Akodiani hiyo ilifikaje hapo? Mwishoni mwa karne ya 19, mitaa iliyo karibu na Bastille, hasa ule wa rue de Lappe, ilijaa watu waliotoka Auvergne, nchi ya milima katikati ya Ufaransa, ambao walikuja mjini kuuza makaa ya mawe na mvinyo, na jioni walicheza ngoma za kwao kwa zumari lenye mfuko wa ngozi liitwalo cabrette. Baadaye wakaja Waitalia na akodiani zao. Watu wa Auvergne hawakupendezwa. Waliona chombo cha wageni kinawanyang'anya kumbi na vijana wao. Tena hizo zilikuwa zama ambazo Mwitalia nchini Ufaransa aliweza kuuawa kwa Uitalia wake, kama ilivyotokea Agosti 1893 huko Aigues-Mortes, ambako vibarua wa Kiitalia katika mashamba ya chumvi walishambuliwa na umati wa watu na baadhi yao wakapoteza maisha. Hata hivyo, katika ukumbi wa Antoine Bouscatel, aliyekuwa bingwa wa cabrette, mpiga akodiani wa asili ya Kiitalia, Charles Péguri, alikaribishwa kukaa kando ya mwenye ukumbi na kupiga pamoja naye, na baadaye akamwoa binti yake. Muziki uliozaliwa hapo ndio musette. Haukupita muda mrefu, akodiani ikalifunika zumari kabisa, na kizazi cha Piaf kilipoanza kuimba, hakuna aliyekumbuka kwamba chombo hicho kiliwahi kuitwa cha kigeni.

Ukiwa na spika nzuri darasani, wasikilizishe wanafunzi jinsi mkono wa kulia unavyokimbia juu ya vifungo, na jinsi mpigaji anavyoibana mivukuto kwa ghafla mwishoni mwa mstari ili sauti ikatike pamoja na pumzi ya mwimbaji. Masikio ya pwani yataitambua mara moja, kwa sababu akodiani imekaa kando ya udi na fidla katika taarab kwa miaka mingi, na sijapata kumsikia bibi harusi aliyeuliza imetoka nchi gani.

Waimbaji wenyewe nao ni hivyo hivyo. Charles Aznavour alizaliwa Paris mwaka 1924 kwa wazazi Waarmenia waliokuwa wakimbizi, na jina la ukoo wake lilikuwa Aznavourian. Alipoanza kazi, wakosoaji waliikejeli sauti yake na kimo chake. Alipofariki mwaka 2018, taifa lilimuaga kwa heshima za kiserikali katika ua wa Les Invalides, jengo la kumbukumbu za kijeshi mjini Paris. Yves Montand alizaliwa Italia, Dalida alizaliwa Cairo katika familia ya Kiitalia, Georges Moustaki alizaliwa Alexandria kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Kigiriki, na Jacques Brel alikuwa Mbelgiji mpaka anaingia kaburini. Mwenzako akiwaondoa hawa wote kwa sababu ya asili yao, hicho anachokiita wimbo halisi wa Kifaransa kitabaki na mapengo ambayo hana mtu wa kuyaziba.

Sasa mtazame Aya Nakamura kwa macho hayo. Jioni ya tarehe 26 Julai 2024 alitokea kwenye milango ya Institut de France, jengo ambalo ndani yake hukaa Académie française, baraza lililoundwa mwaka 1635 ili kuisimamia lugha ya Kifaransa. Alikuwa amevaa vazi la dhahabu, akashuka kuelekea daraja la Pont des Arts, na wanamuziki wa Garde républicaine, askari waliovaa sare zao kamili, wakampigia na kucheza naye. Miezi michache kabla ya hapo kikundi kidogo cha mrengo mkali wa kulia kilikuwa kimetandaza bango kando ya mto Seine kumwambia kwamba hapo ni Paris, si soko la Bamako. Pamoja na nyimbo zake mwenyewe aliimba kipande cha "For me formidable" cha Aznavour, na naona huo ulikuwa uchaguzi wa mtu anayejua anachokifanya, kwa kuwa wimbo huo wa mwaka 1963 unachanganya Kifaransa na Kiingereza kuanzia jina lake. Waliomlaumu Aya kwamba anaichafua lugha kwa kuipachika maneno ya Kibambara na ya mitaani walikuwa wameufurahia mchanganyiko wa Aznavour kwa miaka sitini. Na wimbo wa Piaf, ambao ndio ulioanzisha zogo lote, uliimbwa usiku huo huo kutoka mnara wa Eiffel na Céline Dion, ambaye ni Mkanada. Hakuna aliyemtandazia bango.

Kwa sababu hiyo naamini, Mwalimu, kwamba anayedai uasilia katika mabishano haya mara nyingi hausikilizi wimbo; anamtazama aliyeushika. Mwambie pia mwenzako kwamba wimbo wa Aya "Djadja" uliposhika nafasi ya kwanza nchini Uholanzi mwaka 2018, mwanamke wa mwisho kutoka Ufaransa kufika hapo kabla yake alikuwa Piaf, mwaka 1961. Wafundishe wanafunzi wako wote wawili. Kwa Piaf watajifunza kutamka, maana alizipa herufi haki yake, na kwa Aya watajifunza namna vijana wa vitongoji vya Paris wanavyozungumza leo, jambo ambalo kitabu cha darasani hakiwezi kuwapa.

Mimi ni mpiga gitaa wa bendi ndogo. Nimesikia kwamba Ufaransa ina sheria inayozilazimisha redio kupiga nyimbo za Kifaransa. Je, ni kweli, na ilisaidia kitu? Nasi tungefanya hivyo, si tungeokoka?
*Mwanamuziki, Ngamiani, Tanga*

Ni kweli. Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria hiyo tarehe 1 Februari 1994, na kuanzia Januari 1996 redio zinazopiga muziki wa kawaida zililazimika kuhakikisha kwamba angalau asilimia 40 ya nyimbo, katika saa ambazo watu wengi wanasikiliza, ni za Kifaransa, na kwamba nusu ya hizo ni za wasanii wachanga au ni kazi mpya. Kifungu hicho cha mwisho ndicho ningependa ukishike, kwa sababu bila yake redio zingetimiza sheria kwa kupiga santuri za zamani usiku na mchana, na kijana mwenye wimbo mpya asingepata hata dakika moja.

Wengi waliounga mkono sheria hiyo walikuwa na hofu ya Kiingereza na ya Marekani, na nadhani katika fikra zao waliona wimbo wa zamani wa Kifaransa ukirudi kwenye enzi yake. Kilichotokea ni kwamba redio zilihitaji nyimbo mpya za Kifaransa kwa wingi na kwa haraka, na waliokuwa nazo walikuwa vijana wa muziki wa kufokafoka, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Afrika Magharibi, nchi za Kiarabu na visiwa vya Karibi na Bahari ya Hindi. Skyrock, mojawapo ya redio kubwa za vijana, iligeukia muziki huo katikati ya miaka ya 1990 na kuufanya ndio mhimili wake. MC Solaar, aliyezaliwa Dakar kwa wazazi wa Chad, alikuwa ameshaifungua njia mwaka 1991 kwa ushairi ambao hata walimu wa fasihi waliusifu. Sheria ilipima lugha, haikupima damu, na kwa kuwa ilipima lugha, ikawapa nafasi watu ambao baadhi ya watetezi wake hawakuwa wamewafikiria.

Haikukosa ukakasi. Daft Punk, wawili wa Paris waliokuwa wakivaa kofia za roboti, waliimba kwa Kiingereza, kwa hiyo nyimbo zao hazikuingia katika mgao huo, ingawa ulimwengu mzima uliwajua kuwa ni Wafaransa na mwaka 2014 walitwaa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Na mwaka 2008 Sébastien Tellier alipoiwakilisha Ufaransa kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision kwa wimbo wenye Kiingereza kingi, kulitoka malalamiko mpaka bungeni.

Kuhusu kwetu, jambo hili si geni. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule waliijua rumba, chachacha na dansi za Wazungu, na wengi wao hawakuwahi hata kuzisikia ngoma za kwetu kama gombe sugu, mangala au lele mama. Mimi ningeunga mkono mgao wa redio hapa nchini, kwa sharti kwamba uhesabu lugha na upya wa kazi, na usimweke mtangazaji katika nafasi ya kuamua ni mdundo gani wenye asili. Mgao wa aina hiyo ungekusaidia wewe na bendi yako. Ule mwingine ungeanza kwa kukuuliza gitaa lako la umeme limetoka wapi.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, mjukuu wangu ananiandikia barua hii. Nina jamaa zangu Ngazija, na wengine wao wamehamia Marseille. Mjukuu ananiambia kwamba waimbaji wakubwa wa huko Ufaransa ni Wangazija. Ni kweli, au ananifurahisha tu? Na hao ni wetu, au ni Wafaransa?
*Bibi, Pangani*

Shikamoo, Bibi. Mjukuu wako hakukudanganya. Soprano, mmoja wa waimbaji wanaopendwa sana Ufaransa, jina lake ni Saïd M'Roumbaba. Alizaliwa Marseille mwaka 1979 kwa wazazi wa Komoro, na alianza na wenzake katika kundi la Psy 4 de la Rime, ambamo alikuwemo pia Alonzo, naye mwenye asili hiyo hiyo. Mwaka 2017 aliujaza uwanja wa mpira wa Vélodrome, ule wa timu ya jiji la kwao. Rohff, aliyekulia upande wa Paris, naye wazazi wake ni wa Komoro.

Marseille ni mji wa bandari, na jamaa zetu wa Komoro wako huko kwa maelfu mengi. Wengine walifika wakiwa mabaharia, wengine walifuata ndugu baada ya Komoro kupata uhuru mwaka 1975, huku Mayotte ikibaki chini ya Ufaransa. Ukienda kwenye harusi zao utasikia taarab iliyofika visiwani kutoka Unguja, utaona kanga na utanusa udi, na wageni wengine wakizungumza lugha ambayo wewe, Bibi, ungeielewa nusu yake bila kufundishwa.

Uliuliza ni wetu au ni Wafaransa. Kwa heshima zote, Bibi, nasema ni Wafaransa, na ningeomba tusiwakatalie hilo hata kwa upendo, kwa sababu watu wanaowaambia warudi kwao wangefurahi sana kutusikia tukisema kwamba kwao ni huku. Soprano anaimba Marseille kwa sababu ndiyo anayoijua tangu utoto. Lakini ujamaa haufutwi na pasipoti, na ukimpigia simu mpwa wako akakuimbia kiitikio cha Soprano, una haki ya kufurahi kama mtu aliyesikia habari za nyumbani. Msalimie mjukuu, mwambie aendelee kukuletea habari.

Ninasomea sanaa Bagamoyo. Mkufunzi mmoja anatukataza kabisa kuweka gitaa au kinanda katika ngoma za asili. Anasema ukishaingiza umeme, asili imekufa. Wenzangu wengine wanasema ulimwengu umebadilika. Je, Wafaransa nao wamepitia hili?
*Mwanafunzi, Bagamoyo*

Wamelipitia, na mara moja lilikaribia kumwaga damu. Mwaka 1979 mwimbaji Serge Gainsbourg alikwenda Kingston, Jamaika, akaurekodi wimbo wa taifa wa Ufaransa kwa mdundo wa rege pamoja na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, huku wakiitikia I Threes, wale kina mama walioitikia nyimbo za Bob Marley. Mwandishi Michel Droit alimshambulia katika gazeti la Le Figaro kwa maneno ambayo hayakuishia kwenye muziki, yaligusa Uyahudi wa Gainsbourg. Ukumbuke kwamba mtu huyo, mtoto wa Wayahudi waliotoka Urusi, aliwahi kuvalishwa nyota ya njano utotoni mwake wakati Wajerumani walipoikalia Paris. Januari 1980, mjini Strasbourg, waliokuwa askari wa miavuli walikuja ukumbini kuzuia onyesho, na wanamuziki wake wa Jamaika hawakupanda jukwaani. Gainsbourg alitoka peke yake, akasimama mbele yao na kuuimba wimbo huo kwa mahadhi yake ya awali, bila chombo, na wale waliokuja kumzomea wakalazimika kusimama wima kwa heshima, kwa sababu ulikuwa wimbo wa taifa. Mwaka uliofuata aliununua kwenye mnada mswada wa wimbo huo ulioandikwa kwa mkono wa mtunzi wake, Rouget de Lisle.

Mfano unaokuhusu zaidi, hata hivyo, ni wa Bretagne, upande wa magharibi ya Ufaransa, wenye lugha yake na ngoma zake. Kwa vizazi kadhaa shule za serikali ziliwaadhibu watoto waliozungumza Kibretoni. Mtoto aliyeteleza alipewa kitu cha aibu akivae mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza kama yeye. Mambo kama hayo yalifanyika pia katika shule nyingi za kwetu wakati wa ukoloni, na mara nyingine baada yake. Ndipo fundi mmoja wa Kibretoni akaunda upya kinubi ambacho kilikuwa kimetoweka nchini mwao tangu karne za kati, akampa mwanawe, na mwana huyo, Alan Stivell, akakipeleka jukwaa la Olympia, Paris, mwezi Februari 1972, akiwa na gitaa la umeme na ngoma za roki nyuma yake. Vijana wa Bretagne waliokuwa wakiona haya kuzungumza lugha ya bibi zao walianza kuitafuta. Mwaka 2012 UNESCO iliuorodhesha mkesha wao wa kucheza, fest-noz, katika urithi wa binadamu. Kwa hiyo umeme haukuiua ngoma ya Bretagne. Ilikuwa inauawa na shule, na umeme ukaisaidia kusimama.

Mkufunzi wako, hata hivyo, ana hoja, nami nisingependa umbeze. Ninyi wanafunzi wa Bagamoyo mnacheza ngoma za Wamakonde, za Wagogo na za Wazaramo jukwaani, katika dakika chache, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za jandoni, za unyagoni au za msimu wa mavuno, zikichezwa usiku kucha na watu waliojuana. Tangu kikundi cha taifa cha ngoma kilipoanzishwa katika miaka ya 1960 ngoma zimekuwa zikikatwa na kupangwa upya ili zitoshe jukwaa, na hiyo ni badiliko kubwa kuliko kuongeza gitaa. Anachokuomba mkufunzi, nadhani, ni ujue kwanza kila pigo lina kazi gani: ni ngoma ipi inayoita, ipi inayojibu, mchezaji anabadilisha hatua kwa ishara ya nani. Besi ya umeme ikiingia bila kujua hayo hukaa hasa mahali pa ngoma kubwa na kuimeza, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka ilikuwa inasema nini. Jifunze kwake kwa ukamilifu. Ukishaweza kuipiga yote bila gitaa, shauri la gitaa litakuwa lako.

Ndugu mwandishi, nimekusoma kwa muda na leo nimechoka. Kila kitu kwako ni mchanganyiko na kila mchanganyiko ni mzuri. Vijana wetu wanaimba kama Wanaijeria, wanaiga midundo ya Afrika Kusini, taarab ya Tanga tuliyokulia inakufa, nawe unatuambia hakuna cha asili. Basi tuache tu vyote vipotee?
*Msomaji wa siku nyingi, Muheza*

Kaka yangu, uchungu wako ni wa haki na sitaupuuza. Vitu vinapotea, na vingine havirudi. Ninachokataa ni kwamba tulinde mambo yetu kwa kukagua nani anatoka wapi. Taarab ya Tanga unayoililia ililaumiwa hivyo hivyo ilipozaliwa. Black Star na Lucky Star walipoingiza magitaa na besi katika taarab na kumpa nafasi Shakila, waliozoea kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, pamoja na filimbi ya nai na fidla za Unguja waliona kuna kitu kimevunjwa. Na hiyo ya Unguja nayo ilikuja kutoka Misri, katika enzi ya Sultani Barghash. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, na leo kituo cha daladala cha Sinza kina jina lake. Wakina Kinyonga walitoka hapa Tanga, wakaanzisha Simba Wanyika, na Wakenya wakawachukua kuwa wao. Kama tungewauliza wote hawa vyeti vya asili, tungebaki na muziki gani?

Kinachopotea kweli ni ujuzi, na ni majina ya waliotunga. Mtu anayeweza kuikaza kanuni mpaka ikae sawa na sauti ya mwimbaji wa siku hiyo, mtu anayejua kwa nini beti fulani iliimbwa kwa mafumbo na ilimlenga nani, mpiga besi aliyepiga katika rekodi ambayo mtaa mzima unaijua na hakuna anayemjua yeye: hao wakiondoka, hatuna pa kuwatafuta tena. Hapa ndipo ningewaiga Wafaransa bila kusita. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikuwa ameketi na wenzake katika mkahawa wa Les Ambassadeurs, Paris, wakisikia nyimbo zao zikipigwa bila wao kulipwa chochote. Walipoletewa ankara ya maji ya sukari waliyokunywa, walikataa kulipa mpaka mwenye mkahawa awalipe kwanza kwa muziki wao. Kesi ikaenda mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 ikaundwa SACEM, chama ambacho hadi leo hukusanya malipo ya watunzi wa Ufaransa, awe Aznavour, awe Aya Nakamura, awe Soprano. Mabishano juu ya nani Mfaransa halisi yanaendelea magazetini, na wakati huo huo haki ya kila mmoja imeandikwa kwa jina lake.

Sisi tuna COSOTA, taasisi ya hakimiliki, na tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, lakini nyimbo nyingi za bendi na za taarab zilizorekodiwa Radio Tanzania zilipigwa kwa malipo madogo na watu ambao warithi wao hawajui waende wapi. Kwa hiyo naomba, kaka, hasira yako uielekeze huko. Hapo Muheza, na hapa Tanga, Ngamiani na Makorora, wapo wazee waliopiga katika vikundi hivyo na bado wana kumbukumbu. Kaa nao, uwaombe ruhusa, urekodi kwa simu namna wanavyokaza nyuzi na maneno kamili ya kila beti, uandike jina la mtunzi, la mpigaji na mwaka uliopigwa, na uwalipe kwa muda wao. Ukiniletea orodha hiyo nitaichapa katika safu hii, majina yote, hata kama itachukua matoleo kadhaa.